Somo la Uwindaji: Kumwinda Elki Milimani kwa Fedha Chache

Wasomaji wetu wengi wana mtoto, ndugu au rafiki aliyekwenda Marekani kwa masomo au kwa kazi. Barua zao hutupa habari za baridi, za mishahara na za magari, lakini ni mara chache kututajia habari za porini. Kwa hiyo wengi wetu hudhani kwamba uwindaji katika nchi ile ni anasa ya matajiri tu. Sivyo. Katika Jimbo la Colorado fundi, mwalimu au dereva wa lori aweza kupata ruhusa ya kuwinda mnyama mkubwa aitwaye elki katika misitu ya serikali, na akimpata, nyumba yake hula nyama majira yote ya baridi.

Lakini katika watu waanzao, wengi hurudi mikono mitupu na mfuko mtupu. Na wengine hurudi na jambo baya zaidi, yaani wamempiga mnyama wasiweze kumtoa, na nyama ikaoza mlimani. Makosa hayo hayatokani na uhaba wa fedha, bali yatokana na uhaba wa hesabu. Basi leo twataka kufundisha hesabu hiyo, na neno letu kuu ni hili: hesabu ya uwindaji huanza mwishoni. Anza kwa kuufikiri mzigo wa nyama mgongoni mwako, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka ufike siku ya leo ukiwa umekaa mezani na kalamu mkononi.

ELKI NI MNYAMA GANI

Elki ni wa ukoo wa ayala tumsomaye katika Zaburi, ila ni mkubwa sana. Katika ukoo huo wote amezidiwa na mmoja tu. Dume aliyekomaa huwa na uzito upatao ratli 700, na jike ratli 500. Pembe ni za dume peke yake, nazo zina matawi. Tena si kama pembe za pofu au za kuro, zidumuzo maisha yote. Pembe za elki huanguka kila mwaka majira ya baridi yanapokwisha, zikaota tena na kukomaa kabla ya Septemba. Mwezi huo madume hushindania majike, na sauti yao hulia kama filimbi nyembamba ikisikika mbali mabondeni. Watu wa kabila la Shawnee, ambao ni wenyeji wa asili wa Marekani, walimwita wapiti, maana yake mwenye matako meupe.

Hapo kale elki walikuwa wengi mno. Kisha watu waliwapiga kwa ajili ya biashara ya nyama na ngozi, bila kiasi, hata mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kwisha katika Colorado. Mwaka 1913 na 1914 elki wachache waliletwa Estes Park kutoka nchi ya Yellowstone, nao wakazaana. Leo Colorado ina elki zaidi ya 250,000, wala hapana jimbo jingine la Marekani lililo na wengi kama hao. Jambo hili halikutukia lenyewe. Fedha za leseni hulipa askari wa wanyama na wataalamu, na tena sheria ya mwaka 1937 iliamuru kwamba kodi ya bunduki na risasi itumike kwa kuwatunza wanyama wa porini. Basi mtu anunuaye leseni amelichangia ghala lile lile alilotaka kuchota.

SHERIA NA LESENI

Kwanza, ye yote aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1949 hana budi kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mafunzo haya hueleza usalama wa bunduki, sheria, na adabu ya porini. Asiye raia wa Marekani na aulize pia sheria za serikali kuu kabla hajanunua au kuazima bunduki, maana kosa la namna hiyo laweza kumharibia makazi yake.

Pili, mahali unapokaa ni fedha. Mtu aliyekaa Colorado miezi sita mfululizo huhesabiwa kuwa mwenyeji, na leseni yake ya elki haifiki dola 100. Mgeni atokaye jimbo jingine hulipa zaidi ya dola 700 kwa mnyama yule yule. Kwa hiyo aliyehamia karibuni, kama miezi yake sita haijatimia, ni heri asubiri mwaka mmoja kuliko kulipa kwa haraka. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, majira ya kuwinda kwa bunduki ni manne, nayo huanza katikati ya Oktoba yakaishia Novemba. Leseni nyingi hutolewa kwa kura, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Zilizosalia huuzwa Agosti. Katika majira ya pili na ya tatu, sehemu nyingi za jimbo ziliuza leseni za madume pasipo kura mpaka mwaka 2025; lakini kanuni hubadilika, basi usome kijitabu cha idara cha mwaka ule ule, wala usitegemee maneno ya jirani. Na mtu atakaye nyama kuliko pembe aombe leseni ya jike: majike ni wengi kuliko madume, nyama yao ni laini, na mzigo wao ni mwepesi.

Nne, kuna amri ndogo ambazo wengi huzivunja kwa kutojua. Saa halali za kuwinda ni tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kutua. Mwindaji wa bunduki sharti avae kizibao na kofia vya rangi ya machungwa ing'aayo, au ya waridi ing'aayo, aonekane kutoka pande zote. Katika sehemu nyingi dume halali ni yule mwenye ncha nne au zaidi katika pembe moja, au mwenye tawi la paji la uso lenye urefu wa inchi tano. Haifai kuingia shamba la mtu bila idhini, hata kama hapana ua wala tangazo. Ni wajibu wa mwindaji kuijua mipaka. Wala haifai kusafiri garini na bunduki yenye risasi tayari ndani.

HESABU YA FEDHA

Tuseme yuko mtu mmoja, jina lake Mathayo, fundi seremala akaaye Denver na mke na watoto watatu, naye ni mwenyeji wa jimbo. Hana bunduki wala shanta. Haya ndiyo makadirio ya mwaka wake wa kwanza, akinunua vitu vya mtumba na kuazima viwezavyo kuazimwa:

Leseni na stempu: dola 80.
Mafunzo na cheti: dola 30.
Bunduki ya mtumba pamoja na darubini yake ya kulengea: dola 450.
Risasi, mapakiti matatu: dola 130.
Kizibao na kofia ya rangi: dola 25.
Shanta imara yenye fremu, ya mtumba: dola 100.
Kisu, kinoo na mifuko ya kitambaa ya kutilia nyama: dola 60.
Ramani na dira: dola 30.
Petroli, fungu lake: dola 60.
Chakula cha siku tano, fungu lake: dola 60.
Barafu: dola 25.
Jumla: dola 1,050.

Hema, mfuko wa kulalia, darubini ya macho mawili na masanduku ya barafu ataazima kwa rafiki. Akianza kuweka akiba Januari, ana miezi kumi mpaka Oktoba, yaani dola 105 kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa pili hatanunua tena bunduki, wala shanta, wala kisu. Atahitaji leseni, risasi chache, mifuko, petroli, chakula na barafu, yaani kama dola 290 tu.

Sasa twataka kusema kweli, maana somo lisilo na kweli ni hasara. Katika wawindaji wa elki wa Colorado, yapata mmoja tu katika watano humpata mnyama kwa mwaka. Mtu aanzaye asijihesabie kuwa ndiye yule mmoja. Basi hesabu ifaayo ni ya miaka mitano: dola 1,050 za mwaka wa kwanza, na dola 290 mara nne, jumla dola 2,210. Na nyama ya dume mmoja, mifupa ikiisha kutolewa, ni kama ratli 200. Maana yake kila ratli imegharimu dola 11. Hii si nyama rahisi kuliko ya buchani. Atafutaye urahisi tu na aende buchani. Lakini atakaye nyama safi, na afya ya mwili, na maarifa ya kuwarithisha watoto, asidanganyike kwa kununua vyombo vya fahari mwaka wa kwanza hata asibakiwe na fedha za mwaka wa pili. Uwindaji wa fedha chache ni ule uwezao kurudiwa bila kuwanyima watoto karo na viatu.

HESABU YA MZIGO

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alishuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda Afrika ya Mashariki, na katika msafara wake walikuwamo wapagazi zaidi ya 200. Akiangusha mnyama, yeye hakuyafikiri mabega ya kumbebea. Wazee wetu ndio waliobeba, na kila mmoja katika safari za siku zile alitwikwa ratli 60 hivi. Mathayo wetu hana mpagazi. Yeye ndiye bwana mkubwa, yeye ndiye mpishi, na yeye ndiye mpagazi.

Basi mwalimu na aiandike hesabu hii ubaoni. Nyama ni ratli 200. Mtu mmoja, katika mlima mrefu wenye hewa nyembamba, abebe ratli 50 kila mara. Hiyo ni mizigo minne. Kama gari liko umbali wa maili tatu, mtu aliye peke yake atakwenda mara nne na mzigo, na kurudi mara tatu bila mzigo. Safari saba za maili tatu, jumla maili 21. Wakiwa wawili, kila mmoja ana mizigo miwili: huenda, hurudi, huenda tena, jumla maili tisa. Na kama gari liko maili moja tu, wawili hao watatembea maili tatu kila mmoja, na kazi itakwisha mchana ule ule.

Tazama jinsi hesabu hii ifundishavyo mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, rafiki mwaminifu ana thamani kuliko bunduki mpya. La pili, umbali wa kuwinda haupimwi kwa nguvu za miguu asubuhi, bali hupimwa kwa nguvu za mgongo jioni.

Tena wawili wakiwa na ahadi ya kugawana nyama nusu kwa nusu, ye yote atakayepiga, hatari ya kurudi mikono mitupu hupungua kwa kila nyumba. Ahadi hiyo ifanywe nyumbani kabla ya safari, na tena mbele ya wake zao, isije ikaleta ugomvi penye nyama.

MAHALI PA KWENDA

Jimbo limegawanywa katika sehemu za uwindaji zenye nambari. Chagua moja, uishike miaka mingi. Mtu arudiaye mlima mmoja hujua njia za wanyama, na ahamahamaye huanza upya kila mwaka. Misitu ya serikali kuu ni wazi kwa watu wote. Mathalani Msitu wa Taifa wa White River, ulioko upande wa magharibi wa Denver, una ekari zaidi ya milioni mbili. Katika misitu kama hiyo mtu aweza kupiga hema bila malipo mbali na viwanja vya kambi vilivyotengenezwa, kwa kawaida hata siku 14. Kwa hiyo usilipe nyumba ya wageni.

Wakati wa kiangazi, Julai au Agosti, nenda siku moja ukatazame. Tafuta mambo matatu yaliyo karibu-karibu: majani, maji, na msitu mnene. Elki hula majani katika vilima vya wazi alfajiri na jioni. Mchana hulala katika msitu wenye giza, hasa ubavu wa kaskazini wa mlima usiopigwa sana na jua. Bunduki zikisha kulia siku ya kwanza, huziacha barabara wakaingia penye miteremko mikali na magogo.

Hapo ndipo palipo mtego wa mtu aanzaye. Akisikia kwamba elki hukimbia barabara, hujitia kwenda maili tano au sita ndani. Lakini sisi tumekwisha kuijua hesabu ya mzigo. Basi yafaa utafute katika ramani mahali palipo maili moja au moja na nusu kutoka barabarani, lakini penye mlima mkali au pasipoonekana kwa wapitao na magari, hata wavivu wapaache. Na pawe juu ya gari, si chini yake. Ukipanda mtupu asubuhi, utashuka na mzigo jioni. Akipigwa bondeni, mzigo ndio utakaoupandisha.

Uujue pia upepo. Elki aweza kuyasamehe macho yake na masikio yake, lakini pua yake haidanganyiki. Usiku na alfajiri hewa ya mlimani ni baridi, nayo hushuka mabondeni kama maji. Hapo mwindaji awe chini ya mnyama. Jua likisha kuupasha mlima moto, hewa hupanda. Hapo mwindaji awe juu. Jioni hewa hugeuka tena ikashuka. Chukua kifuko cha unga, urushe kidogo kila baada ya muda, uone unakwenda wapi. Unga wa senti tano hufaa kuliko manukato ya kuficha harufu yauzwayo madukani kwa dola nyingi.

KUUZOEZA MWILI NA BUNDUKI

Mji wa Denver uko futi 5,280 juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi. Lakini elki mwezi wa Oktoba aweza kuwa katika futi 9,000 au 10,000. Huko mtu mzima wa afya hutweta kwa kupanda kilima kidogo tu. Atokaye nchi za chini asianze kuwinda siku ile ile ya kufika. Alale usiku mmoja au miwili, anywe maji mengi, asinywe pombe. Akiumwa kichwa sana na kutapika, dawa yake ni kushuka, wala si ushujaa kubaki.

Kwa hiyo tangu Mei, Mathayo apande ngazi na vilima mara tatu kwa juma akiwa na shanta mgongoni. Aanze na ratli 20 za mchanga, azidishe kidogo kidogo mpaka 50. Mazoezi haya hayana gharama, nayo yatamwambia kweli kama magoti yake yaweza kazi.

Bunduki ya elki si lazima iwe mpya wala kubwa kupita kiasi. Aina iitwayo .30-06, iliyobuniwa mwaka 1906, yamtosha hata leo, vivyo hivyo.308 na .270. Katika risasi zake 60, Mathayo atumie 50 kwa kujizoeza: akae, apige goti, alale kifudifudi, maana porini hapana meza ya kuegemea. Akiisha kujizoeza, ajiwekee mpaka. Kama hawezi kutia risasi tano zote ndani ya sahani ya chakula kwa umbali wa yadi 200, basi mpaka wake si yadi 200. Shabaha ni kifua, nyuma kidogo ya bega, palipo mapafu na moyo. Mnyama akimbiaye, au aliyegeuza nyuma, aachwe.

Baridi nayo huua kuliko dubu. Theluji yaweza kuanguka siku iliyoanza kwa jua zuri. Nguo za pamba zikilowa hunyonya joto la mwili. Vaa sufu, ipatikanayo kwa bei ndogo katika maduka ya mtumba. Uwe na kiberiti katika mifuko miwili, taa, filimbi, na chakula cha siku moja zaidi. Mwachie mke wako karatasi yenye jina la msitu, mahali pa gari, na siku ya kurudi. Ukipotea, kaa mahali pamoja uwashe moto. Wakutafutao watakuona upesi kuliko ukitangatanga.

SAA YA JIONI

Sasa tuseme Mathayo na rafiki yake Yusufu wamekaa milimani siku nne, wala hawajapiga. Siku ya nne jioni, zikiwa zimebaki dakika kumi na tano za halali, dume zuri mwenye ncha tano anasimama ng'ambo ya korongo refu. Ni yadi 180. Upepo ni mzuri. Gari liko maili tatu nyuma yao, na mawingu ya theluji yanafunga magharibi.

Yusufu ananong'ona, "Ndugu yangu, piga! Kesho twarudi kazini."

Mathayo ameweka jicho kwenye darubini. Risasi yake yafika. Jambo hilo analijua kwa mazoezi. Lakini anaihesabu hesabu ile ya ubaoni: maili tisa kwa kila mtu, na kabla yake kushuka korongo gizani, na kulipanda tena mara mbili wakiwa na mizigo, katika theluji, na kesho saa moja asubuhi wote wawili wanatakiwa kazini. Nusu ya nyama itabaki. Tena ngozi ya elki ni nene na mwili wake ni mkubwa. Asipofunguliwa upesi, joto hubaki ndani ya mapaja, na nyama iliyo karibu na mfupa huchacha hata usiku wa baridi. Sheria nayo yakataza kuiacha nyama iharibike.

Anainua kidole kutoka kwenye kifyatulio. Dume anaingia msituni. Yusufu hasemi neno mpaka wamefika kambini.

Je, Mathayo ameshindwa? Nyumbani watoto watauliza nyama iko wapi, naye hana cha kuwaonyesha. Lakini amebakiwa na bunduki, shanta, rafiki, afya, jina jema, na ujuzi wa mlima ule. Ametumia fedha alizoziweka kwa kazi hiyo, wala hakukopa hata dola moja. Mwaka ujao kwa dola 290 atarudi, na kambi yake ataipiga ng'ambo ile ya korongo. Aliyepiga akaacha nyama kwa kunguru amelipa leseni ile ile, akaua mnyama wa watu wote, na pengine atalipa faini pia.

BAADA YA KUPIGA

Siku mnyama atakapopigwa mahali pafaapo, kazi ndiyo kwanza inaanza. Ngoja nusu saa kabla ya kumfuata, asije akaamka na kukimbia mbali. Ukimkuta amekufa, toa risasi bundukini, kisha ujaze na kufunga kibandiko cha leseni kama sheria itakavyo. Mchune upande mmoja, utoe mkono, paja, sarara na nyama ya shingo. Mgeuze, ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Kisha toa minofu ya ndani iliyo chini ya uti wa mgongo. Kwa njia hii huhitaji kupasua tumbo lote, na nyama hukaa safi. Acha alama ya kuonyesha kama ni dume au jike ikiwa imeshikamana na nyama, maana askari wa wanyama aweza kuiuliza njiani. Tia nyama katika mifuko ya kitambaa ipitishayo hewa, itundike kivulini ipoe. Mifuko ya nailoni hufungia joto.

Kuna pia ugonjwa wa kukondesha uwapatao elki na ndugu zao. Uligunduliwa katika Colorado mwaka 1967 kwa wanyama waliofugwa, na mwaka 1981 ukaonekana kwa elki wa porini. Haijathibitika kwamba humwambukiza mtu, lakini waganga wa serikali washauri nyama ya mnyama mwenye ugonjwa huo isiliwe. Kwa hiyo peleka kichwa kipimwe mahali idara ilipoweka, na usichanganye nyama yako na ya mwingine mpaka jibu lije. Na kama utavuka mpaka wa jimbo, uulize kwanza, maana majimbo mengi hukataza kuingiza ubongo na uti wa mgongo.

Katika Kenya uwindaji ulikatazwa mwaka 1977, na kwingineko Afrika ya Mashariki hauwezekani pasipo vibali. Kwa hiyo si wengi wetu tutakaomwona elki. Lakini hesabu iliyomo katika somo hili yamfaa pia akataye mti, ajengaye nyumba, au alimaye shamba jipya mbali na kijiji. Kabla ya kuangusha kitu kikubwa, ujue ni nani atakayekibeba, mpaka wapi, na kwa siku ngapi.

Walimu na wawape wanafunzi wao hesabu hii: jike mmoja ametoa ratli 150 za nyama, gari liko maili mbili, wawindaji ni watatu, na kila mmoja abeba ratli 50. Kila mmoja atatembea maili ngapi mpaka nyama yote ifike garini? Kisha watafute jibu hilo hilo kama mwindaji yuko peke yake. Mtoto atakayepata majibu yote mawili amelielewa somo.